Tazama Kioo, Usimtazame Mfanyakazi

Simu iliingia baada ya magharibi, na mteja hakusalimia. Pete yake aliiacha asubuhi kwenye ukingo wa dirisha la chumbani, vijana wangu wawili walishinda humo wakifuta vioo, na sasa pete haionekani. Nyumba iko Mbweni, mteja ni wa kila mwezi, tena ndiye aliyenipeleka kwa wateja wengine watatu. Nikamwambia anipe nusu saa. Nikawaita vijana, nikawakalisha kwenye baraza ya kwangu, nikawataka wamwage mikoba yao. Wakamwaga. Zikatoka tambara, chupa ya maji, kofia ya kiua, na nusu ya mkate wa mofa uliofungwa gazetini. Majirani walikuwa wanapita kwenda msikitini kusali isha, na kila aliyepita alitoa salamu na kutupia jicho.

Siku ya pili yake pete ilionekana kwenye mfuko wa gauni lililokuwa linasubiri kufuliwa. Mteja alinitumia ujumbe wa kuchekacheka. Vijana niliwaambia maneno mawili tu, "pete imeonekana", nikawapangia kazi ya kesho. Jumamosi mkubwa wao hakuja. Hakugomba wala hakudai kitu. Alimpa mtu wa bodaboda fulana yangu ya kazi, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa, ikaletwa mpaka mlangoni.

Hiyo ni miaka kadhaa sasa. Mteja niliyekuwa namlinda alihama baada ya miezi minne. Kijana niliyempoteza alikuwa na miaka miwili ya ujuzi mikononi, na kumfundisha mwengine mpaka afike alipofika yeye kulinichukua msimu mzima, pamoja na vioo viwili vilivyokwaruzwa kwa wembe.

Nakumbuka mkasa huu kila ninapokaa na wenye biashara ndogo za usafi hapa Unguja, maana kilio chao ni kimoja: siku hizi hupati mtu wa kumuamini. Uaminifu wanauzungumza kama embe la kununua sokoni, ukibahatika umepata zuri, usipobahatika limeoza ndani na huna la kufanya. Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo. Sasa naona kwamba katika kazi hii ya vioo, sehemu kubwa ya tunachokiita uaminifu wa mfanyakazi hutengenezwa na mwenye biashara mwenyewe: anavyolipa na lini analipa, anavyowapanga watu wake, na kitu gani anakikagua jioni.

Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana ni ngeni hapa petu. Mji Mkongwe, ule ulioingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, haukujengwa kwa ajili ya vioo. Nyumba za mawe na chokaa zilikuwa na madirisha ya mbao yenye vibao vya kupitisha upepo, na vumbi likiingia lilifagiliwa. Vioo vikubwa vimekuja na aluminiamu, vikaja na kiyoyozi, vikaja na hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, na sasa na fleti za Fumba. Mwenye nyumba aliyezoea ufagio na kitambaa anajikuta na ukuta mzima wa kioo unaotazama bahari, na bahari haina huruma na kioo.

Kusi likianza kuvuma mwezi wa Juni, pwani ya mashariki inapulizwa chumvi kutwa kucha mpaka Septemba. Kioo cha Paje kilichong'ara Jumatatu kinaweza kuwa na ukungu mweupe kabla ya Ijumaa kuingia, na Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo hoteli zimejaa wageni waliolipa pesa nyingi kuitazama bahari. Halafu kuna maji. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima yana chokaa, na tone likikaukia kwenye kioo linaacha duara jeupe ambalo sabuni haiwezi kulitoa. Linataka siki na subira. Yule kijana wa fulana ndiye aliyekuwa akiweka ndoo chini ya mrija wa kiyoyozi ili akinge maji yanayodondoka, kwa sababu maji yale hayana chokaa na hayaachi alama. Sikumfundisha mimi. Nilikuwa namkaripia nikidhani anachezea mali ya mteja.

Kazi hii ina tabia mbili zinazoitofautisha na nyengine. Ya kwanza, mwenye biashara hayupo. Ukiwa na duka unasimama nyuma ya meza na kuona kila shilingi; ukiwa na vioo, watu wako wako Mazizini, wewe uko Darajani unatafuta dawa, na wengine wako juu ya ngazi Kendwa. Ya pili, ambayo wengi hatuitumii, kazi hii haijui kusema uongo. Fundi akipunguza saruji kwenye zege, utajua baada ya miaka mitano ukuta ukianza kupasuka. Mpishi akichemsha nyama ya juzi, utajua usiku. Kioo kinakwambia leo hii hii. Subiri saa kumi jioni jua linapolala upande, simama pembeni, na kila mstari wa maji, kila alama ya kidole na kila kona iliyorukwa utaiona bila ya kuuliza mtu.

Mwenye biashara mwenye akili, basi, anaweza kukagua kioo akamwacha binadamu apumue. Sisi tunafanya kinyume. Tunampigia kijana simu saa tatu, saa nne na saa tano kumuuliza yuko wapi. Mwenzangu mmoja alifunga kifaa cha kufuatilia kwenye Vespa ya kazi, na kwa muda wa mwezi alikuwa mtu mwenye furaha, kila dakika anaijua Vespa ilipo. Ilikuwa nje ya nyumba ya mteja, kama inavyotakiwa. Vijana walikuwa mgahawani wanakunywa chai. Mwengine anadai picha za WhatsApp kila chumba kinapomalizika. Hebu fikiri: picha ya kioo safi ni picha ya mnazi uliopo nje. Mstari wa maji hauonekani kwenye simu hata kidogo, na kijana anajifunza kupiga picha badala ya kujifunza kufuta.

Ukaguzi bora kuliko yote niliyojaribu sikuubuni mimi, na ulianza kwa sababu za heshima, mambo ya usimamizi hayakuwamo. Katika nyumba nyingi za hapa, mchana bibi mwenye nyumba yuko peke yake na watoto. Kijana wa kiume akipiga hodi na ndoo mkononi haachiwi chumba cha kulala, na ni haki. Nikawa napoteza kazi. Kwa kulazimika, wala si kwa hekima, nikaajiri akina mama wawili wa kufanya ndani. Mmoja alikuwa akitandika vitanda kwenye hoteli moja huko Kiwengwa. Vijana wakabaki nje na ngazi.

Siku ya kwanza walikaribia kupigana. Kioo kina pande mbili, na doa likionekana kila mmoja anaapa ni la mwenzake. Yule mama wa vitanda ndiye aliyeleta kanuni: wa ndani avute mpira wa kuvutia maji kutoka juu kwenda chini, wa nje avute kwa ubavu. Mstari ukisimama ni wa ndani, ukilala ni wa nje. Ugomvi ukaisha hapo hapo. Baadaye niligundua kuwa wafuta vioo wa nchi nyingi wanaijua mbinu hii. Mimi ilinifikia kutoka kwa mtu niliyekuwa namlipa kidogo kuliko vijana. Kilichonishangaza zaidi ni matokeo yake. Watu wawili wanaotazamana kupitia kioo kimoja hawahitaji msimamizi. Huyu anamgongea yule, anamwonesha kwa kidole, yule anarudia, na mimi nimepoteza kazi ya kupiga simu.

Na pete zikawa hazipotei tena, kwa sababu nyepesi kabisa. Kazi haianzi mpaka mwenye nyumba, kwa mkono wake mwenyewe, aondoe vilivyopo kwenye ukingo wa dirisha na meza iliyo karibu. Simu, saa, manukato, dhahabu, vyote. Wateja wapya huona kama tunawatuhumu. Ninawaambia ukweli: ninawalinda wafanyakazi wangu dhidi ya usahaulifu wa mteja. Mmoja alinuna, akatafuta watu wengine. Aende kwa amani. Kuna hadithi ambayo kila mtoto wa chuoni ameisikia, ya yule bwana aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake au amtegemee Mungu tu, akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Watu wengi huisoma kama ruhusa ya kuwashuku wenzao. Lakini anayefungwa pale ni ngamia. Hakuna jirani aliyefungwa.

Sasa pesa, ambako ndiko mambo mengi yamelala.

Mwanauchumi wa Marekani, Edward Lazear, alichapisha mwaka 2000 utafiti juu ya kampuni ya Safelite, ambayo kazi yake ni kubadilisha vioo vya mbele vya magari. Katika mwaka 1994 na 1995 kampuni iliacha kulipa kwa saa ikaanza kulipa kwa kila kioo kinachofungwa, huku ikimhakikishia kila mtu kiwango cha chini ambacho hashuki. Kazi inayotoka kwa kila mfanyakazi ilipanda kwa asilimia 44. Karibu nusu yake ilitokana na watu wale wale kuongeza kasi. Sehemu iliyobaki ilitokana zaidi na watu kubadilika, wenye mikono myepesi wakavutika kuja na kubaki. Na aliyefunga kioo vibaya alikirudia bila ya malipo. Nilipousikia utafiti huo niliona nimepata dawa. Vioo kwa vioo, nini tofauti?

Nikaanza kulipa kwa kila kioo. Kazi ya Kiwengwa iliyokuwa ikiisha alasiri ikawa inaisha adhuhuri. Wiki tatu nilikuwa namsimulia kila mtu. Kisha hoteli ikaita: madirisha ya kusukuma hayasukumiki. Njia za chini za aluminiamu zilikuwa zimejaa mchanga na chumvi, vigurudumu vimekwama, vyengine vimekatika. Vijana hawakuwa wameniibia kitu. Nililipa kioo, wakafuta kioo. Njia ya chini hapakuwa na aliyeilipia, basi hapakuwa na aliyeiona. Tofauti na Amerika ilikuwa hapo: kioo cha gari kikivuja, mteja anarudi nacho na jina la aliyekifunga limeandikwa, mchanga wa kwenye njia unajikusanya polepole, na baada ya miezi miwili nani atajua ni zamu ya nani?

Nilichobaki nacho ni mchanganyiko usio na uzuri wowote kwenye karatasi. Ujira wa kutwa upo na hauguswi. Juu yake kuna fungu la kazi, linalogawiwa sawa kwa wote waliokuwepo, wa ndani na wa nje, iwapo kazi imekaguliwa siku ile ile na haikurudishwa. Nasema siku ile ile kwa sababu ukisubiri siku tatu, hapo Paje kusi litakuwa limeshamwaga chumvi yake na utamhukumu mtu kwa kosa la upepo. Kuna anayelalamika kwamba mvivu anakula fungu la mchapakazi. Analalamika kweli, nami namsikia. Ila mvivu wa kundi dogo hana pa kujificha, na wenzake humshughulikia kwa lugha ambayo mimi nikiitumia nitaitwa kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu.

Malipo yenyewe hutoka jioni. Hadithi nyengine maarufu yasema mlipeni mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tunaiandika kwenye makaratasi ya ukutani, tunaisikia kwenye hotuba za Ijumaa, kisha tunamwambia kijana "njoo Jumatatu, hoteli haijanilipa". Hoteli kuchelewa kunilipa ni shida yangu, mimi ndiye niliyechagua kufanya biashara nayo. Nikimpa kijana aibebe, ninamkopa bila ya kumuomba, na mtu mwenye nauli ya daladala tu mfukoni si wa kukopwa. Katika kumbukumbu zangu, karibu kila mara sabuni ilipopungua kuliko hesabu, au mteja alipodaiwa "pesa ya chai", palikuwa na malipo yangu yaliyochelewa wiki hiyo hiyo. Sisemi kuwa ilikuwa haki yao. Nasema tarehe zilikuwa zinafuatana, na daftari ninalo. Wazee walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakusema kuwa daftari linaweza kumsuta mwenyewe.

Tatizo linalowauma wenzangu kuliko pete zote ni la mfanyakazi kuchukua mteja. Leo umempeleka kijana nyumba ya Mazizini, mwezi ujao anakwenda mwenyewe Jumapili, kwa bei ya chini, na ndoo yake. Wanaliita wizi. Hebu tuifanye hesabu kama mfano tu. Tuseme kampuni inamtoza mteja shilingi 60,000, na kijana anaondoka na 15,000. Akienda mwenyewe na kutoza 35,000, mteja kafurahi, yeye kapata zaidi ya mara mbili. Huhitaji kuwa mwizi kuijua hesabu hii, inatosha kuwa umemaliza darasa la nne. Na mtaji wa kazi ni mdogo: ndoo, mpira wa kuvutia maji, tambara, siki. Ni ngazi ndefu tu inayomshinda.

Basi mwenye biashara ajiulize anampa kijana nini ambacho hawezi kujipatia peke yake Jumapili. Mikataba ya hoteli, sawa. Risiti inayotakiwa na ofisi, sawa. Lakini kikubwa ni masika. Aprili na Mei mvua inanyesha, wageni wanapungua, hoteli nyengine zinafunga kabisa, na kioo kinaoshwa na Mwenyezi Mungu bure. Sisi wenye kampuni ndipo tunapowaambia vijana "pumzikeni, nitawaita". Wanapumzika bila ya shilingi miezi miwili. Julai tunawaita na kuwataka wawe waaminifu kwa kampuni. Kampuni ipi? Ile iliyowajua kusi na kuwasahau masika? Tangu nilipoanza kuweka sehemu ya pesa ya Agosti na ya Disemba kwa ajili ya miezi ya mvua, nikiwalipa nusu ya ujira kwa kazi ndogondogo, kuosha tangi, kupaka ngazi rangi, kufundishana, idadi ya wateja wa Jumapili imepungua. Haikwisha. Mmoja aliondoka mwaka jana akafungua yake, na mimi ndiye niliyemuuzia ngazi ya zamani. Akizidiwa ananiletea kazi. Kuna waliosema nimekuwa mjinga, labda.

Kuhusu namna ya kupata watu, nina machache. Mtoto wa shangazi ni dhamana na ni mzigo: hataiba, maana habari itafika nyumbani kabla yake, lakini nawe huwezi kumkosoa, maana habari itafika nyumbani kabla yako. Nimemwajiri mmoja tu, na sharti lilikuwa kwamba mkubwa wake kazini ni yule mama wa vitanda, mimi simo. Barua ya sheha naitaka, kwa sababu inaniambia mtu anaishi wapi na anajulikana na nani. Haiwezi kuniambia kama atafuta kona ya juu kulia. Hilo linajulikana kwa siku tatu za majaribio zenye malipo kamili. Wanaojaribu watu bure wanapata watu wa bure.

Na kuna kauli inayosemwa kimyakimya mpaka imezoeleka, kwamba vijana wa hapa wavivu na wa Bara ndio wachapakazi. Nimeajiri wote. Kijana aliyevuka bahari anadaiwa kodi ya chumba mwisho wa mwezi na hana jamaa wa kumpa sahani ya wali; ukimwambia apande ngazi isiyokaa sawa, atapanda. Kijana wa Jang'ombe anayekula kwa mama yake atakwambia ngazi haijakaa sawa. Huyu wa pili tunamwita mvivu. Mara nyingi alikuwa anasema kweli kuhusu ngazi.

Ngazi, kwa jambo hilo, ndiko uaminifu unakogeuka upande wa pili, ukawa ni wao kwetu. Aliye juu hamuoni aliyeshika chini. Sakafu ya hoteli ina vigae na maji ya sabuni, miguu ya ngazi inateleza, na bosi kwenye simu anauliza kwa nini bado. Kwetu, ngazi isiyo na mtu wa kuishika haipandwi, na ghorofa ya tatu hatuifuti kwa ngazi hata mteja aongeze pesa. Nimekosa kazi kadhaa za fleti kwa kanuni hii na sijutii hata moja. Kioo kikivunjika, kampuni ndiyo inayolipa, hatumkati mtu ujira wake. Zamani nilikuwa nakata. Matokeo yake, nyufa zilianza "kukutwa" na sisi: kila kioo kilichopasuka kilikuwa kimepasuka kabla hatujafika. Siku niliyoacha kukata, kijana alinipigia simu ndani ya dakika tano kuniambia kapasua, nikamwahi mteja kabla hajakasirika.

Sheria naigusa kidogo, kwa kuwa wengi wetu tunaichanganya. Masuala ya kazi si ya Muungano. Mikataba inayonakiliwa kutoka Bara, yenye kutaja sheria ya mwaka 2004, hapa haituhusu; Zanzibar ina Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005, na ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, ulioanzishwa 1998. Wenye watu wanne hudhani haya ni mambo ya mahoteli makubwa. Nilipowaandikisha watu wangu, mmoja alikipiga picha kitambulisho chake cha mfuko akampelekea baba mkwe. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba karatasi ile ina kazi hiyo.

Nisije nikaonekana nasema hakuna wezi. Wapo. Niliwahi kumfukuza mmoja aliyekuwa akichukua malipo ya mteja mkononi na kuniambia mteja hakuwepo, mara tatu kwa nyumba tatu. Niliomba ushahidi kwa wateja kwanza, nikamsikiliza yeye, kisha nikamlipa siku zake na tukaachana ndani, mlango umefungwa, bila ya baraza na bila ya majirani. Tangu hapo wateja wote wanalipa kwa lipa namba ya kampuni, na kijana hashiki pesa isipokuwa bakshishi, ambayo ni yake na simuulizi ni kiasi gani. Kuna mwenzangu anaikusanya na kuigawa upya kwa haki, anavyodai. Vijana wake wamejifunza kumwambia mteja awape nje ya geti.

Yule wa fulana nilimwendea, kwa kuchelewa. Miezi sita ilikuwa imepita. Nilimkuta kwao, nikamuomba radhi mbele ya mdogo wake aliyekuwa naye siku ile. Alinikaribisha kahawa, akanisamehe, akasema hatarudi. Ana kazi kwa fundi wa aluminiamu sasa, anaweka vioo tunavyokuja kuvifuta, na tukikutana kazini ananisalimia vizuri kuliko ninavyostahiki.

Mwezi uliopita nilikwenda Wete, Pemba, kwa mazishi ya mjomba, nikakaa siku nne. Funguo za fleti ya Fumba, ambayo mwenyewe yuko ng'ambo na hajarudi tangu mwaka jana, niliziacha kwa yule mama wa vitanda. Sikupiga simu. Nataka kusema ni kwa sababu ya imani, lakini pia chaji ilikwisha. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kutoka bandarini, begi mkononi, nikafika saa kumi na robo, jua limelala vizuri. Nikapita vioo thelathini na moja kimoja kimoja, yeye kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananitazama. Kwenye kioo cha sebuleni, chini kushoto, nikakuta mstari.

Nikamnyooshea kidole. Hakuinuka.

"Umelala huo, kaka," akasema. "Si wangu."